Kaa Huyu na Kaa Hili: Namna ya Kuchora Katuni yenye Kina

Chora punda anayeteleza gatini na kumwaga mzigo wake. Watu watacheka, na kabla ya adhana ya magharibi wamekwisha kuisahau katuni yako. Sasa mchore punda yuleyule amepakiwa madumu ya maji, anapanda vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, anapeleka maji kisimani. Mtu wa Amu, yaani Lamu, atacheka, kisha atanyamaza kidogo. Anajua kwamba maji matamu ya mji hutoka katika visima vilivyo chini ya vilima vile, na anajua kwamba kuna wanaojenga juu yake. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa punda. Hiki cha pili kimetoka kwa msomaji mwenyewe, aliyeunganisha mambo mawili ambayo mchoraji hakuyatamka.

Hicho ndicho kina. Hakiji kwa bahati wala kwa kipaji peke yake. Kina hatua zake, na kila hatua ina mahali pa kukosea. Maelezo haya ni ya mtu anayeweza kuchora kiasi cha punda kujulikana kuwa ni punda. Zaidi ya hapo, mkono utakuja wenyewe kwa mazoezi. Mchoro wa kawaida wenye wazo zito hushinda mchoro mzuri usiosema kitu, na hilo halina mjadala kwetu.

Anza na jambo, mzaha utafuata

Wengi huketi na karatasi wakajiuliza, "Nichore nini cha kuchekesha?" Swali hilo huleta majibu yaliyokwisha kumjia kila mtu. Jiulize badala yake nani anafanya nini, na nani analipa gharama yake. Jibu uliandike kwa sentensi moja isiyozidi maneno 12. "Maji ni tatizo Lamu" haifai, kwa sababu haina mtendaji wala mwenye kuumia. "Anayejenga juu ya mchanga anakausha kisima cha aliye mjini" inafaa: kuna mkono na kuna kidonda.

Kisha jifunze jambo lenyewe linavyofanya kazi, hata kama utalichora kwa mistari kumi tu. Kwa maji ya Shela iko hivi: mvua huingia mchangani polepole, mchanga huichuja, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiufunika mchanga kwa saruji, mvua haina pa kuingilia. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi. Anayeyajua haya ana picha tatu mkononi kabla hajaanza: mchanga kama chujio la chai, chumvi kama mgeni anayepanda ngazi usiku, saruji kama kifuniko cha chungu. Asiyeyajua atachora bomba kavu, na bomba kavu limechorwa mara elfu.

Sasa gawa karatasi safu mbili. Kushoto andika vitu kumi vya jambo lenyewe: mchanga, saruji, pampu, dumu, chumvi, mvua, hati ya kiwanja, bili, hoteli, punda. Kulia andika vitu kumi vya nyumbani ambavyo kila mtu anavijua na havihusiani kabisa na jambo hilo: mbuzi ya kukunia nazi, buli la kahawa, bao, mkeka, siwa (baragumu la sherehe), kitanda cha kamba, harusi, kata ya maji, dema (mtego wa samaki), kiti cha kinyozi. Piga mistari kutoka kushoto kwenda kulia bila kuchagua, kwa dakika 20. Mingi haitatoa kitu. Mmoja au miwili itashtua.

Angalia "hoteli" na "mbuzi". Mtu amekalia mbuzi, anakuna kilima cha mchanga kama anayekuna nazi. Tui linaingia katika bilauri yake ndefu yenye mrija. Mjini wanapokezwa bakuli, na ndani ya bakuli mna machicha. Hakuna mwanamke wa pwani wala mwanamume aliyekula jikoni kwa mama yake asiyejua tofauti ya tui na machicha, wala asiyejua kwamba mwenye tui la kwanza ndiye aliyepata nazi. Jambo la haki limeingia bila neno "haki" kuandikwa popote.

Mawazo matatu ya mwanzo yafute, hata kama unayapenda. Hayo hutoka katika kumbukumbu za katuni za watu wengine: fisi aliyevaa suti, nyoka aliyeandikwa "ufisadi", mheshimiwa mwenye tumbo linalotangulia. Yamechoka. Msomaji akimwona fisi anajua atasikia nini, naye anaposikia alichokitarajia hana kazi ya kufanya. La nne na kuendelea ndipo lako linapoanzia.

Pigo linamwangukia nani

Rudi kwa punda wetu wa Shela. Katuni hiyo inaweza kuharibiwa kwa mstari mmoja tu: ukimchora mwenye punda kinywa wazi, macho yamekwenda upande, umemfanya yeye ndiye mjinga. Kicheko kitamwangukia mchukuzi wa maji, mtu asiyeamua lolote kuhusu visima. Mchore amechoka, uso umetulia, hatua zake za kawaida. Upuuzi wote ukae kule anakoelekea. Utaratibu ndio uwe mjinga, mtu abaki na heshima yake.

Kipimo chake ni hiki: yule anayechekwa, je, ana uwezo wa kulibadilisha jambo hili kesho asubuhi? Kama hana, umempiga asiyehusika. Mvuvi, mchukuzi, mama anayeuza viazi karai, mgonjwa foleni wanaweza kuwamo kwenye katuni, tena waingie kwa wingi, ila wawe ndio wanaoona. Wasiwe ndio wanaoonwa.

Lahaja nayo ina hatari hiyohiyo. Kiamu ndani ya puto la maneno huipa katuni nyumba: "mayi" (maji), "mato" (macho), "ndia" (njia), "mui" (mji) zikisomwa na mtu wa Amu anasikia sauti ya jirani. Lakini usimpe Kiamu yule tu unayetaka achekwe, halafu mwenye akili ukampa Kiswahili sanifu. Mara nyingi inapendeza kufanya kinyume: afisa anazungumza sanifu ndefu iliyojaa "mikakati", na bibi anamjibu kwa Kiamu cha maneno matatu.

Upande wa sheria, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa kisanaa. Ibara hiyohiyo haiwakingi wanaochochea chuki au vita, na inataka sifa za wengine ziheshimiwe. Kwa mchoraji maana yake ni nyepesi: chora kilichotendeka na kinachoweza kuthibitishwa, usimvike mtu wa jina tendo ambalo huna ushahidi nalo. Kuchora kiti badala ya aliyekalia husaidia, na katuni hupata kina zaidi, maana watu huondoka na kiti hubaki.

Kuchora bila sura

Katika mji wetu wako wengi wasiopenda sura ya kiumbe ichorwe, kwa sababu za dini, na wako wasiopenda mwanamke achorwe kwa namna ya kumvunjia stara. Mchoraji anayeliona hili kama kizuizi amekosa hazina. Mafundi wa milango ya Amu na wa zidaka (vishubaka) za ukutani wamesema mengi kwa maua, mizunguko na mistari, bila jicho hata moja.

Vitu vinasema. Chora mlango wa ofisi. Ndani, juu ya zulia, pana jozi moja ya viatu vya ngozi vinavyong'aa. Nje, kuanzia kizingitini hadi pembeni mwa picha, pana makubadhi, ndara, viatu vya shule, ndara moja iliyokatika kanda na kufungwa kwa waya. Hakuna mtu hata mmoja, lakini tumeona nani yuko ndani, nani wako nje, na wa nje wamengoja muda gani. Ule waya wa ndara ndio moyo wa picha. Msomaji akiufikia anaacha kucheka kwa sauti.

Mikono pia inatosha mahali pa uso. Mkono unaotoa una vidole vilivyonyooka, mkono unaonyima umekunjwa kidogo tu. Kofia, bakora, pindo la kanga, kiti kitupu, bilauri iliyoachwa nusu: jizoeze kila kimoja mara 20 mpaka ukichore bila kuangalia. Tena utakuwa umejiepusha na tatizo la kufananisha sura, ambalo huwapotezea wanaoanza saa nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kuna njia mbili walizotumia mabingwa wa eneo letu zinazofaa kuigwa kwa ufundi, si kwa mchoro. Masoud Kipanya wa Tanzania ana panya mdogo anayelishuhudia jambo na kulisemea. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana kwa kazi yake Nairobi, alimchora Uhuru Kenyatta na tufe la chuma limefungwa mguuni kwa mnyororo, wakati wa kesi ya The Hague. Alama iliporudiwa vya kutosha haikuhitaji maelezo tena. Ilitosha kuonekana ikiburutwa.

Kwa Amu shahidi anajichagua mwenyewe: paka. Yuko barazani, yuko sokoni, yuko juu ya ukuta, na hafukuzwi. Mweke pembeni chini, kimo chake kisizidi sehemu moja ya kumi ya picha. Kazi yake ni kuangalia mahali ambapo unataka msomaji aangalie. Akisema, asizidi maneno manne, na kamwe asieleze mzaha. Shahidi akishaanza kuhutubia, mfute katuni tano zinazofuata.

Maneno: jifunze kwa kanga

Kanga ina pindo, ina mji (sehemu ya katikati), ina jina (maneno yaliyoandikwa juu yake). Hakuna kanga yenye maua mekundu iliyoandikwa "maua mekundu". Jina linasema jambo jingine kabisa, na aliyelengwa analielewa akiwa hata kibarazani hajafika. Katuni ni hivyo hivyo. Picha na maneno vikisema kitu kimoja, kimoja kati ya hivyo ni mzigo.

Jaribu hivi: funika maneno kwa kiganja, tazama picha. Kisha funika picha, soma maneno. Kila kimoja kiwe kimepungukiwa. Kama maneno peke yake yanachekesha, umeandika kichekesho na kukitia mapambo. Kama picha peke yake imemaliza, futa maneno yote.

Hapa inafaa mfano uchambuliwe hatua kwa hatua. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Kaunti ya Lamu, wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni yake ya mazingira, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi walikuwa mstari wa mbele kuupinga. Kiswahili kimempa mchoraji zawadi katika jambo hili: *kaa* ni yule wa baharini, *kaa* ni lile la moto, na *kaa* ni kuishi mahali.

Rasimu ya kwanza inayokuja kichwani ni kaa wa baharini aliyekalia kiti: "Kaa amekaa." Mtoto wa darasa la nne atacheka. Iangalie tena, ihamishe Kisumu au Mombasa, haipotezi kitu. Katuni inayohama mji bila kuumia haijasema kuhusu mji wowote. Mzaha wa maneno ni mlango. Kama nyuma ya mlango hamna nyumba, msomaji amefunguliwa ukuta.

Rasimu ya pili: kaa amebeba bango lenye maneno "Hatutaki makaa!" Sasa jambo limo, lakini mzaha umekufa. Hili ni tangazo. Kaa amesema kila kitu na msomaji hana alichoachiwa.

Rasimu ya tatu: dema la mvuvi limekaa kwenye matope kando ya mikoko. Ndani yake mna bonge jeusi lililojaza karibu nafasi yote, uzi mwembamba wa moshi unalitoka. Pembeni kabisa, amebanwa kwenye matundu ya dema, kaa mdogo amekunja miguu. Juu tunaona mikono miwili tu ya mvuvi, imeshika kamba. Chini pameandikwa:

*Kaa hili likikaa, kaa huyu hakai.*

Maneno sita. Sarufi ndiyo iliyofanya kazi: *hili* ni la kitu, *huyu* ni la kiumbe, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika "makaa ya mawe" juu ya bonge. *Hakai* inasikika mara mbili, kwamba hatakuwamo demani na kwamba hataishi pwani. Na dema nalo linauliza swali lake: nani aliyelitega? Mikono ya mvuvi imeshika kamba lakini si yeye aliyeweka lile bonge. Msomaji atakaa nalo hilo.

Baada ya hapo, punguza. Rasimu ya tatu huwa na chozi kwenye jicho la kaa. Futa, maana chozi linamwamrisha msomaji ahuzunike. Huwa na alama tatu za mshangao, futa. Huwa na "ha ha ha" kwenye puto la mtu anayepita. Futa mtu mzima.

Kwa jumla maelezo ya chini yasizidi maneno 10, maputo yasizidi mawili, na kila puto lisizidi maneno saba. Methali iliyokatwa katikati ni silaha nzuri kuliko methali nzima. Chora bwawa la kuogelea la wageni, mrija mrefu umetoka humo hadi kisimani, na chini uandike tu "Mgeni njoo". Msomaji atamalizia mwenyewe kwamba mwenyeji apone, na palepale ataona kwamba mwenyeji hajapona. Lakini hakikisha nusu iliyobaki inajulikana na wote. Methali ya watu wachache ikikatwa inabaki kitendawili, na mtu aliyeshindwa kitendawili hacheki.

Kuipanga picha

Usianze kwenye karatasi kubwa. Chora visanduku sita vya sentimita 6 kwa 4, kila kimoja kwa dakika mbili, wazo lilelile kwa pembe sita: kwa mbali, kwa karibu, kutoka juu ya paa, kutoka usawa wa paka. Chagua kinachoeleweka ukikishika kwa urefu wa mkono.

Jicho la msomaji wa herufi za Kirumi huingia kushoto juu na kutokea kulia chini. Sababu iwe kushoto, matokeo kulia, na kile kinachobadilisha maana kiwe cha mwisho kuonekana. Ule waya wa ndara ukiuweka kushoto umeitoa siri mlangoni. Punda wetu apande kutoka kushoto kwenda kulia, na kisima kikavu kiwe juu kulia kabisa, kidogo. Wazee waliozoea kusoma kwa herufi za Kiarabu wanaweza kuanza kulia, kwa hiyo katuni ya visanduku vingi iwekee namba ndogo. Ya kisanduku kimoja haihitaji.

Theluthi moja ya picha iache tupu. Kuta za vichochoro vyetu zinatamanisha kuchorwa jiwe kwa jiwe, lakini mawe matano au saba yanatosha kumwambia mtu kwamba huu ni ukuta wa matumbawe. Ukijaza yote, jicho litazurura na pigo litapita bila kuonekana.

Vichache unavyovichora vichore sawa. Mlango wa Amu una mfaa, yaani mwimo wa katikati ya mbao mbili. Bila mfaa ni mlango wa popote. Mlingoti wa jahazi umeinamia mbele, na tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaolishikilia. Mzigo wa punda hukaa ndani ya mashogi, yaani vikapu vya ubavuni, haukai mgongoni kama juu ya meza. Mzee wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, akiona foromali imekaa vibaya ataishia hapo, na wazo lako halitamfikia.

Wino na unyevu wa pwani

Tumia karatasi ya A4 ya gramu 160 hadi 200. Ile ya kawaida ya gramu 80 hujikunja, na kwa unyevu wetu wino hutambaa juu yake kama mizizi. Sababu ni kwamba karatasi iliyonyonya unyevu nyuzi zake zimefunguka na zinauvuta wino pembeni. Hifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, toa moja moja. Miezi ya masika ibane karatasi kwenye ubao, uiache karibu na dirisha lenye jua kwa dakika 10 kabla ya kuigusa.

Penseli iwe 2H (ngumu) kwa rasimu, 2B (laini) kwa kutafuta umbo. 2B chini ya wino huacha grisi inayokataa wino, kwa hiyo ipitishie raba laini kidogo kwanza. Wino uwe ule usioyeyuka kwa maji, la sivyo jasho la kiganja litafuta kazi ya saa mbili. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja daima. Kalamu tatu zinatosha: milimita 0.3, 0.5 na 0.8.

Mstari wa 0.8 mpe kitu kinachobeba maana. Wanaoanza humpa mtu mkubwa aliye katikati. Mpe dumu, mpe waya wa ndara, mpe bakuli la machicha. Wengine wote 0.5, ukuta na bahari 0.3. Anza kupiga wino kutoka kushoto juu ukishuka kulia. Anayetumia mkono wa kushoto aanze kulia. Acha ukauke dakika 10 kabla ya kufuta penseli, na wakati wa mvua hata dakika 30. Feni hukausha uso tu. Chini wino bado mbichi, na raba ikipita utapata wingu la kijivu lisilotoka.

Herufi ziandike kabla ya kuchora puto, kisha puto lizizunguke. Ukianza na puto, herufi za mwisho zitabanana. Ukubwa wake una hesabu: mchoro wa upana wa sentimita 20 ukionekana kwenye simu unakuwa kama sentimita 7, yaani theluthi moja na kidogo. Herufi ya milimita 6 inabaki milimita 2, na hapo ndipo mwisho wa macho ya mtu mzima. Chini ya milimita 6 usishuke.

Iweke barazani kabla ya kuituma

Tafuta watu watatu: mmoja anayelijua jambo, mmoja aliyekuja mjini karibuni, na mmoja mtu mzima asiyeogopa kukwambia ukweli. Mpe kila mmoja peke yake, usiseme neno, wala usitabasamu. Muulize, "Umeona nini?" Usimwulize kama ameipenda, kwa sababu atakwambia ameipenda.

Sikiliza kwa makini. Akicheka lakini akashindwa kusema jambo ni lipi, uso upo na kina hakipo. Rudi kwenye ile sentensi ya maneno 12. Akilieleza jambo sawasawa bila hata tabasamu, umeandika hotuba. Rudi kwenye safu mbili utafute kitu kingine katika safu ya kulia. Akicheka mahali usipopatarajia, chunguza mno, maana pengine amemcheka mchukuzi. Akiuliza "Huyu ni nani?", kitu kimechorwa vibaya, na kuandika jina juu yake si tiba, kichore upya. Dalili njema ni mtu anayenyamaza sekunde chache, kisha akaanza kuzungumzia visima badala ya kuzungumzia katuni.

Watu wawili kati ya watatu wakielewa, inatosha. Ukitaka wote waelewe papo hapo utaishia kuandika kila kitu juu ya kila kitu.

Kuihamishia kwenye mashine, skani kwa nukta 600 kwa inchi kama ni nyeusi na nyeupe, 300 kama ina rangi. Kwa simu, ipige picha kivulini mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila flashi. Jua la moja kwa moja huacha kivuli chako juu ya kazi. WhatsApp huipunguza picha na kuzifanya herufi zivimbe, hivyo itume kama faili na si kama picha. Sahihi na tarehe viweke ndani ya mchoro, karibu na kitu muhimu, kwa kuwa vya pembeni hukatwa na katuni huanza kusafiri bila baba. Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: katuni ya mwaka juzi ikirushwa leo kama mpya inaweza kumsingizia mtu mwingine kabisa.

Ikitokea habari uliyoijengea ilikuwa na kosa, chora upya sehemu ile, weka tarehe mpya, na useme wazi kilichobadilika. Usiifute ya kwanza kimyakimya. Tayari iko kwenye simu za watu.

Mchoro wa asili uhifadhi ukiwa umelala ndani ya faili la plastiki, mbali na ukuta wa nje unaovuta chumvi. Nyuma yake, kwa penseli, andika tarehe, ile sentensi ya maneno 12, na mahali ulipoipata habari. Mtu akija mwaka ujao kuuliza kwa nini punda anapeleka maji kisimani, geuza karatasi umsomee.